Kufyonza kihami cha darini kwa lori

Nyumba nyingi za majimbo ya baridi Marekani, mathalani Minnesota, zimemwagiwa kihami, yaani kitu cha kuzuia baridi na joto, juu ya dari: selulosi ya kijivu ya magazeti yaliyosagwa, faibaglasi au sufu ya mawe. Panya wakishafanya makao au paa likivuja, hutolewa chote kwa mashine ya kufyonza iliyo kwenye lori.

1. Panda na tochi kwanza. Ukiona vipande vyepesi vinavyong'aa, vya dhahabu au kijivu, vyenye matabaka kama kodiani, shuka ufunge mlango. Hiyo ni vermikulaiti, madini yaliyotumika kama kihami. Zaidi ya asilimia 70 ya iliyouzwa Marekani kati ya 1919 na 1990 ilitoka mgodi wa Libby, Montana, uliochanganyika na asbesto, nyuzi za mawe zinazodhuru mapafu. Waachie wenye leseni ya kuondoa asbesto. Mteja akisema "lakini ni kidogo tu", mwache aseme.

2. Zima kiyoyozi na tanuru la hewa moto, kata umeme wa darini. Vaa barakoa ya P100 (inayochuja vumbi laini), miwani na ovaroli. Kiangazi anza alfajiri. Saa sita mchana darini hapakaliki.

3. Lori libaki nje, moshi wake usielekee dirishani. Mpira wa kufyonzea, wa inchi 6, upitishe dirishani au kwenye tundu la paa. Kuupitisha sebuleni ni kutafuta ugomvi na mama mwenye nyumba.

4. Kanyaga boriti tu, ubao wa dari wa jipsamu haukubebi. Anza kona ya mbali, urudi nyuma kuelekea mlango. Mdomo wa mpira uinamishe, usiuzamishe: selulosi husafiri na hewa, na hewa ikikosa njia mpira unaziba.

5. Utaziba tu, hata hivyo. Mvuto ukipotea, mwenzako wa lorini azime injini. Muwe na redio za mkononi, maana kwa kelele ile hamsikilizani. Fuata mpira ukiugonga kwa mpini wa nyundo: penye mlio mzito ndipo penye donge, mara nyingi kwenye kona. Utakuta kipande cha mbao au kiota kizima cha panya. Selulosi iliyolowa usiifyonze kabisa; ichote kwa koleo uitie mifukoni.

6. Vumbi lililobaki lifyonze kwa mashine yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa vumbi laini kabisa. Kisha ziba kwa povu matundu ya nyaya na mabomba kabla kihami kipya hakijamwagwa. Kuzunguka bomba la moshi usitumie povu. Weka bati na silikoni inayostahimili moto.