Windows, Mac au Linux kwa kazi za ubunifu: namna ya kupima mwenyewe

Kabla hujafomati mashine kwa sababu jamaa kasema Linux inarenda (inatengeneza picha ya mwisho ya 3D au video) haraka, au hujauza PC ukanunue Mac, pima kwanza. Na kupima sio kuangalia video ya mtu mwenye kompyuta nyingine na kazi nyingine akionyesha magrafu, kupima ni kuchukua mradi wako mwenyewe, ule unaokutoa jasho, ukaupitisha kwenye kila mfumo huku unahesabu muda. Nitaelekeza navyofanya, ila nianze na kitu ambacho wengi wanakiruka, manake spidi sio swali la kwanza.

Swali la kwanza ni programu. Andika pembeni softwea zote ambazo ukizikosa kesho kazi haiendi, afu angalia zinapatikana wapi. Photoshop, Premiere na After Effects zipo Windows na Mac tu, na zile mbinu za kuzilazimisha Linux kupitia Wine (programu ya kuendesha softwea za Windows ndani ya Linux) mi siziweki kwenye hesabu kabisa kwa mtu anayesubiriwa na mteja. Final Cut Pro na Logic Pro ni Mac peke yake, 3ds Max ni Windows peke yake. Ila Blender, Krita, DaVinci Resolve, REAPER, Bitwig, Houdini, Maya na Nuke zinaingia kote, na ndo maana studio kubwa za vifekti vya filamu zinakaa Linux miaka nenda rudi bila kulalamika. Ukimaliza hiyo orodha kuna uwezekano mkubwa jibu umeshapata, na kama umeshapata acha kupoteza wikiendi nzima unapima.

Kama bado una machaguo mawili au matatu, elewa unalinganisha nini na nini. Windows na Linux unaweza kuziweka kwenye mashine ile ile, processor ile ile, GPU (kadi ya picha) ile ile, RAM ile ile, kwaiyo tofauti utakayoiona ni ya OS (mfumo wa kompyuta) na driva zake (programu zinazoendesha vifaa) kweli. Mac ni habari nyingine. Toka Apple walipoanza kutumia chipu zao, M1 mwaka 2020, Boot Camp, njia ya kuweka Windows kwenye Mac, haipo tena kwenye hizo mashine, na madriva ya NVIDIA yaliishia macOS High Sierra, kwaiyo huwezi kusema "macOS dhidi ya Windows" ukiwa na chuma kimoja. Hapo unalinganisha mashine nzima kwa bei inayolingana, basi, na mtu akikuambia amepima OS tupu muulize kapimaje.

Kuandaa mashine

Weka kila OS kwenye SSD yake, au angalau partisheni yake, na faili za testi zikae ndani ya hiyo OS kwa mfumo wake wa faili: NTFS kwa Windows, ext4 au btrfs kwa Linux, APFS kwa Mac. Diski ya nje ya exFAT itumie kusafirishia tu. Ukiwa Linux ukafungua mradi kutoka partisheni ya Windows unakuwa unapima na NTFS juu yake, hiyo sio haki. (Ukiweka OS mbili kwenye mashine moja saa ya Windows itaanza kuruka masaa, usishtuke, Linux inahesabu saa ya bodi kama UTC (saa ya kimataifa) na Windows inaihesabu kama saa za hapo ulipo. Ukiwa Linux, amri ya timedatectl set-local-rtc 1 inawapatanisha.)

Afu sasisha kila kitu, driva ya GPU hasa, na toleo la programu liwe lile lile kila upande mpaka namba ya mwisho. Ukishasakinisha usianze kupima saa hiyo hiyo. Mac inakuwa na Spotlight, kitafutaji chake, inapekua faili zako, Windows nayo inashusha apdeti kimya kimya na Defender, kinga yake ya virusi, inakagua kila kitu kipya, kwaiyo iache mashine iwake hata masaa kadhaa itulie. Umeme nao: Windows nenda kwenye setingi za pawa uchague utendaji wa juu kabisa, Linux andika powerprofilesctl set performance, manake distro (matoleo ya Linux) nyingi zinakuja kwenye hali ya wastani na watu wanailaumu Linux bure.

3D na kurenda

Hapa ndo rahisi kupima. Usirende ukiwa ndani ya dirisha la Blender, renda kwa amri, kiolesura kisiingilie:

blender -b mradi.blend -E CYCLES -f 1 -- --cycles-device OPTIX

OPTIX ni ya kadi za NVIDIA. Kama una AMD andika HIP, Intel andika ONEAPI, Mac andika METAL. Ikimaliza inakuandikia muda wa fremu chini kabisa. Sasa sikiliza, matokeo ya mara ya kwanza yatupe, usiyaandike hata kwa penseli. Mara ya kwanza Blender inapakia na wakati mwingine inatengeneza kernel (programu ndogo za kurenda) za hiyo GPU, na hilo zoezi linaweza kula dakika kadhaa ambazo hazihusiani kabisa na kurenda, halafu mtu anapiga skrini anaanza kutangaza OS fulani ni kobe. Renda mara ya pili, ya tatu, mpaka ya sita hivi, chukua ile namba ya katikati.

Utakachokiona mara nyingi ni Linux kutangulia Windows kidogo ukirenda kwa CPU, na kwa GPU zikaribiane sana, manake kazi nzito inafanywa na driva na kadi yenyewe. Mac inacheza mchezo tofauti. RAM yake inatumika na CPU na GPU kwa pamoja, kwaiyo Mac yenye GB 64 inaweza kufungua sini (mandhari ya 3D) iliyojaa teksicha (picha za nyuso za vitu) ambayo kadi ya GB 12 inaikataa au inajikokota nayo, lakini sini ikienea kwenye kadi, kadi ya RTX ya NVIDIA kwa bei inayolingana kwa kawaida inaiacha. Chipu za M3 za mwaka 2023 ndo zilileta vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga ndani ya chipu yenyewe, kwaiyo grafu za M1 usizitumie kuhukumu Mac za sasa. Na kumbuka RAM ya Mac hizi huongezi baadae, unayonunua ndo hiyo hiyo.

Video, hapa ndo penye mambo

Watu wanapima muda wa kuekspoti tu. Kuekspoti unaondoka unaenda kula, kinachokuua ni taimlaini inayogandaganda siku nzima, na taimlaini inaganda kwa sababu ya kodeki (namna video ilivyobanwa) kuliko sababu ya OS. Chukua klipu halisi ya kamera yako uichungulie kwa ffprobe au MediaInfo, programu za kuonyesha taarifa za faili. Ukikuta H.264 ya kawaida, yuv420p, karibu kila GPU inaifungua kwa vifaa vyake bila kutoa jasho. Ukikuta HEVC (H.265) yenye yuv422p10le, yani biti 10 na rangi 4:2:2 (taarifa za rangi nyingi kuliko 4:2:0 ya kawaida), ndo kimbembe: kadi za NVIDIA kabla ya RTX 50 hazina vifaa vya kuifungua, mzigo wote unarudi kwa CPU, wakati GPU za ndani za Intel toka kizazi cha 11 zinaifungua na chipu za Apple pia. Ndo maana unakuta laptopu ndogo ya Mac inateleza kwenye klipu ambazo PC ya nguvu mara tatu inazipiga kwa kukwama, na mwenye PC analaumu Windows wakati tatizo ni kadi.

Testi yenyewe: weka klipu kumi za aina hiyo kwenye taimlaini, weka rangi na kuondoa makelele ya picha kwenye mbili tatu, cheza mwanzo mwisho bila proksi (nakala nyepesi za klipu) ukihesabu fremu zilizodondoka. Afu kokota kichwa cha kuchezea mbele na nyuma kwa nguvu kama unavyofanya ukiwa kazini. Mkono wako utakuambia kabla ya namba.

Wa Resolve kwenye Linux angalieni hili: toleo la bure huko limekuwa likigoma kufungua H.264 na H.265, na sauti ya AAC imekuwa tatizo hata kwa waliolipia Studio, kwaiyo faili za simu na kamera nyingi zinahitaji kubadilishwa kwanza:

ffmpeg -i klipu.mp4 -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_hqx -pix_fmt yuv422p10le -c:a pcm_s16le klipu.mov

Inafanya kazi vizuri tu, ila faili zinavimba vibaya mno. Muda wa kubadilisha na nafasi ya diski ni sehemu ya matokeo, viandike, usijidanganye.

Muziki

Kwenye muziki unachopima ni ucheleweshaji, yani muda toka ubonyeze hadi usikie. Bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchezwa) ya sampuli 128 kwenye 48 kHz ni milisekunde 2.67, ya 64 ni 1.33, na hapo ni upande mmoja, bado kiolesura cha sauti (kifaa cha kuingizia na kutolea sauti) na driva hawajaongeza cha kwao. Weka bafa 128 kila OS, fungua REAPER, weka sinthi (ala ya muziki ya kompyuta) moja nzito, afu nakili traki moja moja mpaka sauti ianze kupasuka. Idadi ya traki kabla ya kupasuka ndo alama yako. Mac hapa inajitetea vizuri na Core Audio, mfumo wake wa sauti, bila kusumbuka. Windows tumia driva ya ASIO ya mtengenezaji wa kiolesura chako, sio ya kubahatisha, na kama sauti inakwaruza hata bila mzigo washa LatencyMon uone driva ipi inashika processor, mara nyingi ni ya Wi-Fi. Linux siku hizi na PipeWire, mfumo wake wa sauti, imekuwa ya kupendeza, fungua pw-top uangalie safu ya ERR, ikipanda namba basi bafa haitoshi. Shida ya Linux ni plagini (programu ndogo za nyongeza), kuna watengenezaji wengi hawaileti kabisa, kwaiyo hesabu plagini zako kabla ya kuhesabu milisekunde.

Picha na kuchora

Sitakaa sana hapa. Tofauti ya spidi kwa kuediti picha ni ndogo, kinachotofautisha ni rangi. Mac inasimamia rangi karibu kila programu, Windows inategemea programu yenyewe inaheshimu profaili ya rangi au la, na Linux chini ya Wayland (mfumo wake mpya wa kuonyesha skrini) kazi hiyo bado inakamilishwa. Wa kuchapisha walitilie maanani. Tableti za Wacom Linux inazitambua moja kwa moja bila kusakinisha kitu, ila jaribu mgandamizo wa kalamu na vitufe vyake vyote kabla hujafurahi.

Joto

Testi ya dakika mbili ni uongo kwenye laptopu. Rudia kurenda mfululizo kwa nusu saa uangalie fremu ya mwisho imechukua muda gani ukilinganisha na ya kwanza. Afu chomoa chaja urudie, laptopu nyingi za Windows zenye GPU kubwa zinashuka sana zikiwa kwenye betri, MacBook hazishuki hivyo, na kama unafanya kazi ukihamahama hiyo testi inashinda nyingine zote.

Ukishajaza namba zako, tofauti chini ya asilimia kumi mi naichukulia kama hakuna, siwezi kujifunza vitufe vya mkato upya kwa ajili ya sekunde nne kwenye fremu. Ikiwa tofauti ni kubwa na umeamua kuhama, chukua mradi mmoja kamili uupitishe kwenye OS mpya toka kuingiza faili mpaka kukabidhi, na ile diski ya zamani usiiguse kwanza. Fonti zitapotea, njia za faili zitavunjika, na leseni za plagini nyingi zina kikomo cha mashine, kwaiyo ingia kwenye OS ya zamani uziachilie moja moja kabla hujafuta.