Unashuka Posta, katikati ya Dar? Weka haya sawa kabla hujatoka home

Kwanza jua unaenda Posta ipi. Watu wanachukulia poa hii kitu, ila Posta ya Zamani iko Sokoine Drive jirani na kanisa la Azania Front, bahari unaiona, na Posta Mpya iko kule Azikiwe, halafu kwa konda zote ni Posta tu. Mimi na binamu yangu tulishasubiriana dakika arobaini nzima, kila mtu anamfokea mwenzake kwenye simu "si nipo hapa Posta!", kumbe yeye kasimama Mpya mi niko Zamani naangalia boti zinaingia. Siku hizi nasema tukutane kwenye Sanamu ya Askari, iko pale Samora toka 1927 na haijawahi kuhama.

Gari kama huna ulazima liache. Basi la mwendokasi toka 2016 linakutoa Kimara mpaka Kivukoni, ukishuka pale mengine yote ni miguu. Ila masika ikikolea ulizia kwanza Jangwani pakoje, maana maji yakijaa pale Morogoro Road inafungwa na utabaki Magomeni unashangaa.

Ya ofisini malizana nayo asubuhi. Ofisi za serikali zinafunga saa tisa na nusu lakini we ukifika saa nane mhusika "katoka kidogo", na huyo kidogo wake harudi leo. Fotokopi toa huko huko mtaani kwako, na Ijumaa usipange kitu cha mchana maeneo ya Kisutu na mtaa wa Msikiti, watu wapo swala.

Kama unapanda boti ya Zanzibar, kitambulisho kiwe mfukoni na jina lifanane na la kwenye tiketi. Wapiga debe watakudaka kabla hujafika getini, bosi tiketi hizi hapa, boti inaondoka sasa hivi, we pita tu nenda dirishani. Safari ni kama masaa mawili kwa zile za kasi, na kipindi cha kusi bahari inachafuka kweli, kwa hiyo kama tumbo lako jepesi dawa ya kichefuchefu meza kabla boti haijang'oa, ukishaanza kutapika ndo umechelewa.

Soko la samaki la Feri nenda alfajiri, mnada ukiwa wa moto. Simama pembeni kwanza usikilize fungu la changu linaanzia ngapi na linaishia ngapi, ukikurupuka kutaja bei wanakujua mgeni. Vaa viatu visivyoteleza, sakafu ni maji na magamba, na beba ndoo au kikapu chako sababu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku toka Juni 2019. Kuna jamaa wa kuparua na kutoa matumbo, mpatane hela kabla hajashika kisu. Simu weka mfuko wa mbele.

Wa Kigamboni, pantoni ya jioni ina nyomi, ukiwa na gari bora uzungukie Daraja la Kigamboni (la Nyerere), kule Kurasini.

Na ile hamu ya kupiga picha ukiwa pale Magogoni, geuzia kamera upande wa maji, ngalawa zipo nyingi tu. Ukielekeza Ikulu utaitwa na mtu mwenye bunduki, na hapo pantoni ndo inaondoka.