Namna ya kuikagua habari ya "ishara ya viumbe wa angani" kabla hujaisambaza

Kazi yangu ni kuhakiki habari za sayansi, na habari inayonifikia mara nyingi kuliko zote ni hii: shirika la anga limenasa ishara isiyoelezeka, na wanasayansi wameduwaa. Huwa siipuuzi. Swali la kama tuko peke yetu ulimwenguni ni kubwa, na kwa sababu ni kubwa halifai kujibiwa na kichwa cha habari. Utaratibu ninaoufuata ni huu, na simu yenye intaneti inatosha kuufanya.

Hatua ya 1: Mjue aliyesema

Tafuta mambo matatu ndani ya habari yenyewe: jina la darubini (mara nyingi ya redio, yaani antena kubwa inayosikiliza anga), mwenye darubini, na tarehe. Jina la NASA, shirika la anga la Marekani, hubandikwa hata pale NASA isipohusika. Bunge la Marekani lilikata fedha za mradi wa NASA wa kutafuta ishara za redio za viumbe wenye akili mwaka 1993, mwaka mmoja tu baada ya mradi kuanza. Tangu hapo kazi ya kusikiliza imebebwa zaidi na vyuo vikuu na miradi ya fedha binafsi, kama Breakthrough Listen iliyozinduliwa mwaka 2015. Hata ile ishara mashuhuri ya "Wow!" ya tarehe 15 Agosti 1977, wimbi la redio lenye nguvu ambalo chanzo chake hakijathibitishwa, ilinaswa na Big Ear, darubini ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio.

Ukishalipata jina, fungua tovuti ya taasisi hiyo na usome taarifa yao wenyewe. Kama habari haina darubini, haina mtafiti wala tarehe, ishia hapo. Hakuna kitu cha kukagua.

Hatua ya 2: Tambua aina ya ishara

Yaweza kuwa wimbi la redio, mwanga wa nyota unaofifia na kurudi, alama ya kemikali katika hewa ya sayari ya mbali, au picha tu. Kila moja ina maswali yake.

Angalia pia kama mtumaji ni chombo chetu wenyewe. Novemba 2023 Voyager 1, chombo cha NASA kilicho mbali kupita sayari zetu zote, ilianza kutuma data isiyosomeka. Tatizo lilikuwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta yake, na Aprili 2024 mafundi wakairudisha katika hali ya kueleweka. Tarehe 24 Mei 2023 chombo cha Shirika la Anga la Ulaya kinachoizunguka Mirihi kilituma ujumbe uliotungwa makusudi kama wa viumbe wengine, ili watu wafanye mazoezi ya kuupokea na kuufumbua. Kata mwanzo na mwisho wa habari hiyo, na kinachobaki ni "ujumbe wa ajabu kutoka Mirihi". Kila neno kweli, maana yote uongo.

Hatua ya 3: Uliza kilichotokea darubini ilipogeuzwa

Hapa usiharakishe. Dunia imejaa kelele za redio: setilaiti, rada, simu, kompyuta. Kwa hiyo watafiti huielekeza darubini kwenye nyota kwa dakika kadhaa, wakaigeuzia pembeni, wakairudisha, mara kadhaa mfululizo. Ishara ya kweli ya nyota ile husikika darubini inapoitazama na hukatika inapogeuzwa. Ikisikika kokote darubini inakotazama, chanzo ni cha hapa hapa.

Kipimo hicho ni kizuri, ila peke yake hakitoshi. Mwezi Aprili 2019 darubini ya Parkes huko Australia ilianza kutazama Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua, umbali wa miaka ya nuru 4.2 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Ikanasa wimbi jembamba kwenye masafa ya megahezi 982, na wimbi hilo likafaulu kipimo: lipo darubini ikitazama nyota, halipo ikigeuzwa. Likaitwa BLC1. Habari zikavuja Desemba 2020, na wengi wakaamini kuwa jirani zetu wamebisha hodi. Watafiti walipopekua upya data ile ile, walikuta mawimbi mengine yenye tabia moja na lile, kwenye masafa mengine, yakiwa yamepangana kwa nafasi zinazolingana na mapigo ya saa za ndani zinazoendesha vifaa vya kielektroniki vya kawaida. Baadhi yalisikika hata darubini ikiwa imegeuzwa. Oktoba 2021 wakachapisha jibu: ni mwingiliano wa vifaa vya binadamu.

Parkes hiyo hiyo ilikuwa na fumbo jingine. Kwa miaka mingi ilinasa milipuko mifupi ya redio iliyofanana na ile inayosafiri kutoka mbali sana angani. Lakini ilionekana katika miale yote 13 ya darubini (yaani sehemu 13 za anga inazotazama kwa pamoja) kwa wakati mmoja, ilhali chanzo cha mbali kwa kawaida huonekana katika mwale mmoja au michache. Tena ilijirundika saa za kazi. Mwaka 2015 mwenye kosa alipatikana: jiko la maikrowevu kituoni, mlango wake ukifunguliwa kabla halijazima. Nakisimulia kisa hiki kila ninapoweza, kwa kuwa watafiti walijichunguza wenyewe na wakatangaza walichokuta.

Kwa hiyo katika taarifa yoyote tafuta sentensi moja: wamefanya nini kuondoa uwezekano wa kelele za Dunia? Isipokuwepo, usiende mbele.

Hatua ya 4: Je, imerudi, na je, mwingine ameisikia?

Ishara ya "Wow!" ilidumu sekunde 72, muda ambao nukta moja ya angani ilichukua kupita mbele ya Big Ear Dunia ikizunguka. Ndiyo sababu bado inaheshimiwa. Lakini darubini ile ilikuwa na vipokezi viwili, na nukta ile ile ya angani ilipita mbele ya kimoja kama dakika tatu baada ya kingine; ni kimoja tu kilichoinasa. Haijasikika tena.

Kurudi nako si ushahidi wa viumbe. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alikuta mpigo uliorudi kila sekunde 1.33 bila kukosea, na kwa utani wakauita wa "watu wadogo wa kijani". Alipopata mpigo wa pili upande mwingine kabisa wa anga, dhana ya viumbe ikadhoofika: zilikuwa nyota za nyutroni, mabaki mazito mno ya nyota zilizolipuka, zinazozunguka kwa kasi, tunazoziita pulsa leo.

Hatua ya 5: Tafuta kilichofuata

Andika kwenye kitafutio jina la ishara pamoja na neno "maelezo" au "utafiti", kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Habari za 2020 huzungushwa upya kana kwamba ni za asubuhi hii, na jibu lilishatolewa zamani.

Hatua ya 6: Pima hoja ya kufichwa

Wapo wanaodai kwamba ishara imeshapatikana na mashirika yanaificha; husema lisemwalo lipo. Mashirika yana siri zake, sikatai, lakini anga haina mwenyewe: ishara ya kudumu kutoka kwenye nyota inaweza kusikilizwa na darubini za nchi nyingi zisizopatana. Kuhusu vitu visivyotambulika vinavyoonekana angani, jopo huru lililoitishwa na NASA lilitoa ripoti Septemba 2023: halikuona ushahidi kwamba vimetoka nje ya Dunia, na likataka data bora zaidi. Isome ripoti yenyewe, ipo wazi kwa umma.

Hatua ya 7: Mjibu aliyekutumia

Usimcheke. Kuamini kwamba kuna uhai kwingine ni jambo moja, kuamini kwamba ishara imefika ni jambo jingine, na la kwanza hata wanaastronomia wengi wanaliona linawezekana. Mwandikie kwa ufupi: "Asante kwa kunitumia. Hii ni BLC1 ya mwaka 2019. Waliikagua, wakakuta ni kifaa cha hapa duniani. Maelezo yao ni haya," kisha umpe kiungo.

Na ikitokea habari imepita hatua zote, iandike kwenye daftari: darubini, tarehe, masafa, upande wa anga. Weka kikumbusho cha baada ya miezi sita, kisha uikague tena.