Mutoto anaogopa pisini? Anzia ku basini ya nyumbani

Hapa Goma tunazaliwa tunaona ziwa Kivu kila asubuyi, lakini bazazi mingi hatujui kuogelea na kitu ya kwanza tunaambiaka batoto ni "usikaribie maji". Haiko kosa yetu, na kisha ile boti yenye ilitoka Minova ikazama karibu na bandari ya Kituku tarehe 3 Oktoba 2024, kila muntu aliongeza boga yake. Mimi ile habari ilinisukuma upande ingine, nikasema batoto bangu batajua maji, na nikaanzia ku pisini (bwawa ya kuogelea) juu kule kina inajulikana na kuko ukuta ya kushika. Ku ziwa mawe ya volkano inakata miguu, kina inashuka mara moja, tena kuko ma fasi kando ya maji penye mazuku (hewa ya sumu ya volkano) inakaa chini chini, na mutoto juu eko mufupi njo wa kwanza kuivuta.

Lakini mbele ulipe antre ya pisini ya hoteli, fanya kazi nyumbani. Basini na kikombe inatosha. Ukiwa unamuogesha umwagie ku mabega, siku ingine nyuma ya kichwa, siku ingine ku paji, na kila mara uhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, mwaga. Usimwage ku mbili juu umechelewa kazi! Ukimudanganya mara moja tu, atakuwa anakaza mwili kila akiona kikombe. Na macho yake umuache apanguse yeye mwenyewe. Kisha umufundishe kupuliza, midomo ndani ya maji kama vile anapoza uji ya moto, bububububu. Iko sawa muchezo lakini njo msingi ya kila kitu, mutoto mwenye anajua kutoa pumuzi ndani ya maji haogopi sana ikimufika ku pua.

Umri? Hata wa mwaka 1 anaweza kuzoea maji mu mikono yako, lakini masomo ya kweli na moniteri (mwalimu wa kuogelea), batoto mingi bakifika ku miaka 4 njo banaweza kuifuata.

Siku ya kwanza usiende siku ya mungu mangaribi wakati muziki inapiga na bavijana banaruka bomba bomba. Enda mu wiki, kuelekea saa sita wakati jua iko kali, juu huku tuko karibu metre 1.500 na maji yenye haichemshwe inakuwaka baridi, na mutoto mudogo anapoteza joto mbio kuliko weye. Mukae ku bordo, miguu ndani, mucheze. Kama siku nzima inaishia pale, ni sawa, najua antre imelipwa, inauma, lakini ni sawa.

Niko nasema vile juu mutoto wangu wa kwanza, ndugu mumoja wa famiye alimutupa ndani ku fete, "atajua mwenyewe, sisi tulijua vile". Alitoka anakohoa, na kwa miezi tatu hata kumuosha kichwa ilikuwa vita. Bale "tulijua vile" banasahau kuhesabu wenye habakutoka.

Ukiingia naye, ukae fasi maji inamufika ku tumbo. Umushike chini ya makwapa, uso yake ku uso yako, mabega yako ndani ya maji pia, juu ukisimama muzima muzima unakuwa sawa muti na yeye anaanza kukupanda. Umwambie "sikuachilii" na kweli usimuachilie, hata kama unaona anaweza.

Sasa chukua bidoni ya litre tano, tupu, ufunge kifuniko. Umupe aisukume chini ya maji: inaruka juu, atacheka. Kisha ufungue, maji iingie, ataona vile inaanza kushuka. Umwambie kifua yako njo bidoni, ukijaza hewa unaelea, ukipiga makelele hewa inatoka. Wangu wa pili alielewa pale pale, mbele ya maneno yangu yote.

Kuelea ku mugongo njo inaogopeshaka, juu masikio inaingia mu maji na sauti ya dunia inapotea. Weka kichwa yake ku bega yako, shavu na shavu, mukono moja chini ya mugongo, na umuimbie, masikio ikiingia bado atasikia sauti yako mu mufupa. Miguu itashuka, uiache ishuke, usianze "nyoosha! nyoosha!". Sisi tulifanya hii tu kwa wiki tano. Ya sita akaniambia "mama, achilia", nikaondoa kidole moja, akasema "yote".

Mbele ya kumufundisha kwenda, umufundishe kutoka: kiwiko, kiwiko, tumbo, goti, eko inje. Murudilie mpaka achoke. Na kila akiingia mu maji, ageuke ashike ukuta, ile inaweza kumuokoa siku weye hauko karibu.

Brasari (ile ya kupuliza hewa, ya kuvaa ku mikono) mimi sipendi. Inamusimamisha wima, mutoto anazoea kwamba maji inamubeba, kisha siku moja anaruka bila hiyo. Ku boti ni kitu ingine, kule jile ya kuokoa maisha haina mujadala.

Weye ukuwe karibu urefu wa mukono, simu ibakie mu sakoshi. Mwenye anazama haiti muntu, hapungi mukono kama mu filme, kinywa inashuka na kupanda kimya kimya na inaweza kuisha kama weye uko unajibu mesaji. Mukiwa bakubwa wengi mupange nani njo analinda, dakika kumi kumi, juu bakubwa kumi bila mupango kila mumoja anafikiri mwenzake njo anaangalia. Na kama maji iko chafu, hauoni chini fasi ya kina, murudi nyumbani.

Dakika 20 mpaka 30 inatosha. Midomo ikianza kuwa ya bulu au anatetemeka, ni kutoka, na ni muzuri umutoe wakati bado anacheka, atalia kwamba anataka kubakia, umuache alie, wiki ijayo yeye njo atatafuta mayo (nguo ya kuogelea) yake asubuyi. Kisha dushi, serviyeti ku kichwa, ainamishe sikio moja kisha ingine maji itoke. Kama alikunywa maji na eko anakohoa bila kuisha au anapumua kwa shida, usingojee, umupeleke ku hopitali. Kama sivyo, umupe mandazi na chai, juu njaa ya pisini mimi sijaona mfano yake.