Kwotabeki atolewe au aachwe? Namna ninavyoiamua hatua kwa hatua

Juzi kijana mmoja wa kwetu aliyeanza kusaidia makocha kwenye timu ya futiboli ya Kimarekani ya high school huko Minnesota kanipigia simu usiku, "kaka, kocha mkuu kaniuliza tumtoe kwotabeki au tumwache, nimjibu nini?" Tukaongea mpaka simu ikaishiwa chaji. Mengi niliyomwambia nayaandika hapa maana Waswahili wenzangu huku Marekani ambao watoto wao wanacheza huu mchezo wananiuliza swali hilohilo kila msimu kuhusu kwotabeki, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Mimi najitolea kukata na kuchambua video za timu ya shule hapa Ohio. Mifano mingi nimechukua NFL, ligi ya kulipwa, kwa sababu ile mtu yeyote anaweza kuitafuta akaiona mwenyewe.

Sheria za mchezo sielezi. Kama hujui dauni ni nini angalia mechi mbili kwanza halafu rudi.

Hatua ya 1: Andika swali kwenye karatasi

Swali ni hili: kuanzia mechi ijayo, na laini hiihii (wale wanaomkinga) na marisiva haohao (wapokea pasi), huyu wa benchi atatupa nafasi nzuri ya kushinda kuliko anayeanza sasa? Basi. "Jamaa kachuja" sio swali, hayo ni maneno ya jukwaani. Anaweza kuwa kachuja kweli na bado ndiye bora uliye naye.

Hatua ya 2: Namba, lakini zile zenye maana

Rekodi ya kushinda na kushindwa weka pembeni, hiyo ni ya timu nzima. Ile namba maarufu ya kumpima mpasiaji, ambayo ukomo wake ni 158.3, mimi siitumii kabisa na sielewi kwa nini bado inaonyeshwa kwenye TV, manake haihesabu seki (yaani kuangushwa mpira ungali mkononi) wala haihesabu mbio za kwotabeki. Kwotabeki anaweza kuangushwa mara saba na ile namba ikaendelea kupendeza.

Kama ni NFL angalia EPA kwa kila plei (jaribio moja la kushambulia), hiyo inapima kila plei imeongeza au imepunguza pointi ngapi zinazotarajiwa kwa kuzingatia dauni, umbali na mahali mpira ulipokuwa. Na CPOE, ambayo inalinganisha pasi alizokamilisha na zile ambazo mpasiaji wa kawaida angekamilisha kwa pasi za ugumu huohuo. Zote zipo bure mtandaoni. Kama ni timu ya shule hesabu mwenyewe vitu vinne tu: seki, pasi zilizonyakwa (kudakwa na wapinzani), pasi ambazo zingenyakwa kama beki asingeziangusha, na dauni ya tatu zilizofanikiwa. Usiamue kwa mechi moja wala mbili, shule nyingi hazirushi hata pasi 20 kwa mechi, hapo bahati inaongea kwa sauti kubwa kuliko kipaji.

Namba zinakwambia uangalie wapi, haziamui. Alex Smith wa 49ers mwaka 2012 alikuwa anakamilisha asilimia 70 ya pasi zake, timu inashinda, akapata mtikiso wa ubongo kwenye mechi na Rams iliyoisha sare 24-24, kocha Jim Harbaugh akamuanzisha Colin Kaepernick wakaipiga Bears 32-7, na Smith hakurudi tena kwenye nafasi yake. Kwa karatasi usingemgusa.

Hatua ya 3: Video, na hapa ndipo saa zako zitaishia

Hii ndiyo kazi yenyewe. Kwotabeki analaumiwa kama golikipa wa Simba au Yanga, mpira ukishaingia wavuni hakuna anayeuliza mabeki walikuwa wapi. Kazi yako kwenye hatua hii ni kuuliza mabeki walikuwa wapi.

Kwanza, usitumie video ya TV. Kamera ya TV inafuata mpira, marisiva wanatoka nje ya picha sekunde ya kwanza tu, kwa hiyo huwezi kujua kama kulikuwa na mtu wazi au hakuna. Unataka ile inayoonyesha wachezaji wote 22 kutoka juu, NFL wanaiuza kwa wanaojiandikisha, na timu za shule nyingi mnayo kwenye Hudl, mtandao wa video za timu. Unataka pia ile ya nyuma ya goli, hiyo ndiyo inaonyesha laini vizuri. Ukilazimika kuchagua moja, mimi nachukua ya nyuma ya goli, najua wengi watanibishia. Vipande vya matukio bora vya YouTube usiviguse hata kidogo.

Pili, fungua spredishiti (mimi natumia ya Google, programu za kulipia sizioni faida yake kwa kazi hii), mstari mmoja kwa kila plei ya pasi, na ninaposema kila plei namaanisha kila plei, sio zilizoharibika tu, maana kuna pasi za hovyo kabisa ambazo zilikamilika kwa sababu beki aliteleza, na zile nazo ni ushahidi. Weka dauni na umbali, plei iliyoitwa, risiva wa kwanza alikuwa wazi au la, sekunde kuanzia mpira unapotoka kwa senta (wa katikati ya laini anayeanzisha mpira) mpaka unapoondoka mkononi, nani aliyevunja ulinzi, matokeo. Safu ya mwisho ni kosa la nani: kwotabeki, laini, risiva, kocha, au hakuna, beki wa wale kacheza vizuri tu.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayoua watu. Haya ndiyo ya kuangalia.

Plei iliyoitwa usiikisie. Ukiona mpira umetupwa mahali ambapo hakuna mtu, inawezekana kwotabeki kakosea, inawezekana risiva alitakiwa kukata ndani yeye akaenda nje. Kwa picha vinafanana kabisa. Muulize kocha, na kama ni NFL ambako huwezi kumuuliza basi andika "sijui" na uendelee, plei ya "sijui" haidhuru chochote lakini plei ya kukisia inaharibu jedwali zima.

Seki watu wengi wanaitupia laini moja kwa moja. Chukua stopwochi. Mpira ukikaa mkononi zaidi ya sekunde tatu na kulikuwa na mtu wazi, ile seki ni ya kwotabeki hata kama aliyeangushwa ni yeye na unamwonea huruma.

Halafu kuna hii ambayo ndiyo ngumu kuliko zote. Ulinzi unaleta watu sita kumkimbilia kwotabeki, nyie mna watano wa kuzuia. Mtu mmoja atapita bila kuguswa, ni hesabu tu, hakuna wa kumzuia. Kwa timu nyingi huyo wa sita ni mali ya kwotabeki, yaani anatakiwa amwone kabla, aidha abadilishe mpangilio wa ulinzi kabla mpira haujatoka, amrudishe mkimbiaji kuzuia, au autupe mpira haraka kwa risiva aliyeachwa nafasi na huyo aliyekuja. Ukiangalia kwa macho ya kawaida unaona laini imepitwa, unaandika "laini", kumbe laini imefanya kazi yake yote. Na kinyume chake pia kipo: shule nyingine kwotabeki haruhusiwi kubadilisha chochote, senta ndiye anayepanga ulinzi, au kocha anaita kila kitu kutoka pembeni, basi hapo kosa linahama. Kwa hiyo kabla hujagusa plei hata moja ya namna hii muulize kocha swali moja: nani ana mamlaka ya kupanga ulinzi? Yule kijana wa Minnesota hakuwa ameuliza, jedwali lake lote la seki ikabidi lianze upya.

Pasi fupi za pembeni, zile ambazo risiva anapokea nyuma ya mstari na walinzi wanamtangulia, zitoe kwenye hesabu ya pasi zilizokamilika, zinampamba kila mtu. Na plei za kwota ya nne mkiwa nyuma kwa tachidauni tatu (mabao ya pointi sita sita) zitoe pia, ule sio mchezo tena, ulinzi unakuachia yadi ili saa iende.

Pasi iliyonyakwa ifuatilie mpaka mkononi. Ikigonga mikono ya risiva wako ikaruka juu ikadakwa, usimwandikie kwotabeki.

Ukimaliza mpe mtu mwingine ajaze safu ya mwisho bila kuona ya kwako. Mkitofautiana sana, tatizo ni nyie. Mkikubaliana, tafuta kosa linalojirudia: mtu anayekosea leo hivi kesho vile anafundishika, lakini anayerudia kosa lilelile wiki baada ya wiki na makocha wameshamwonyesha, huyo sasa mjadili.

Hatua ya 4: Mwangalie wa pili kwa ubaridi

Mchezaji anayependwa kuliko wote kwenye mji ni kwotabeki wa benchi, hajapoteza mechi hata moja. Novemba 2017 Bills walikuwa wameshinda mechi 5 wamepoteza 4, kocha Sean McDermott akamweka benchi Tyrod Taylor akamuanzisha Nathan Peterman dhidi ya Chargers. Peterman akanyakwa pasi tano kipindi cha kwanza peke yake, wakapigwa 54-24. Ndiyo, ya kwanza iligonga mikono ya mwenzake, lakini zilibaki nne. Taylor akarudi na timu ikaingia mchujo kwa mara ya kwanza tangu msimu wa 1999.

Upande wa pili kuna Titans wa 2019. Walikuwa 2-4, wakamtoa Marcus Mariota wakamweka Ryan Tannehill, wakaenda mpaka fainali ya AFC, moja ya makundi mawili makubwa ya NFL. Tofauti mimi naiona hapa: Tannehill alikuwa ameshaanza misimu kadhaa Miami, kasi ya NFL anaijua, Peterman alikuwa hajawahi kuanza hata mechi moja.

Kwa shule huna historia hiyo, angalia mazoezi, lakini mpe wa pili nafasi na laini ya kwanza. Akifanya mazoezi na laini ya akiba wiki nzima hujampima yeye, umepima laini ya akiba. Na angalia plei zipi zinamfaa. Kaepernick alipewa plei za miguu yake, ndiyo maana Januari 2013 alikimbia yadi 181 dhidi ya Packers.

Hatua ya 5: Pesa

NFL tu. Russell Wilson aliwekwa benchi na Broncos zikiwa zimebaki mechi mbili msimu wa 2023, na kwenye mkataba kulikuwa na dola milioni 37 ambazo zingekuwa haki yake kama angeumia. Uamuzi wa namna hiyo usiuchambue kwa video pekee. Shuleni hakuna pesa, kuna wazazi, na kwa wazazi sina mwongozo.

Hatua ya 6: Usifanye nusunusu

Giants 2017, Eli Manning ameanza mechi 210 mfululizo, anaambiwa unaweza kuanza ili rekodi isikatike halafu tutakutoa. Akakataa. Geno Smith akaanza, wakapoteza kwa Raiders, kesho yake kocha Ben McAdoo akafukuzwa. Hata kumzungusha kila mmoja kwota yake siipendi, hakuna anayezoea mwendo na senta anachanganyikiwa na sauti mbili.

Kama mnacheza Ijumaa, mwambieni Jumamosi au Jumapili, yeye kwanza, ana kwa ana, halafu mwenzake, halafu timu. Asisikie kwenye grupu la WhatsApp. Wa pili apate wiki nzima ya mazoezi. Kubadilisha katikati ya mechi kunawezekana, Nick Saban, kocha wa Alabama wakati huo, alifanya hivyo fainali ya vyuo ya Januari 2018, Alabama wako nyuma 13-0 akamtoa Jalen Hurts akamwingiza Tua Tagovailoa wakashinda 26-23, ila Tua alikuwa ameshaingia mechi kadhaa msimu ule.

Hatua ya 7: Mechi ngapi, na huyu wa zamani je?

Mpe mpya mechi nne hivi, isipokuwa akiumia. Jedwali lilelile, safu zilezile, ulinganishe.

Na aliyetolewa aendelee kukaa kwenye kikao cha video kila siku na ajue plei zote za wiki hiyo. Panthers 2024 walimtoa Bryce Young baada ya mechi mbili, Andy Dalton akaumia kidole gumba, Young akarudi akamaliza msimu akiwa bora kuliko alivyouanza. Drew Bledsoe wa Patriots naye alipoteza nafasi kwa Tom Brady 2001 akiwa na mkataba mpya wa miaka kumi, mwisho wa msimu Brady akaumia kifundo cha mguu kwenye fainali ya AFC kule Pittsburgh, Bledsoe akaingia akampasia David Patten tachidauni, wakashinda 24-17. Kwenye Super Bowl, fainali kuu ya NFL, akaanza Brady.