Namna ya kufuatilia jeraha la upasuaji wa ngiri hadi siku ya 30: mwongozo kwa anayeanza utafiti wa upasuaji

Daktari kijana, tabibu au muuguzi wa hapa Moshi anayetaka kufanya utafiti wake wa kwanza katika wodi ya upasuaji mara nyingi huanza kwa kutafuta ugonjwa wa nadra, ilhali vitanda vimejaa magonjwa ambayo hakuna aliyekaa akayahesabu vizuri: ngiri, busha, matezi ya shingo, vidonda vya miguu vya wenye kisukari, na watoto ambao uji wa moto umewaachia makovu yaliyokunja viwiko. Ushauri wangu ni kuanza na ngiri ya kinena, na kuanza na swali moja tu: kati ya wagonjwa tuliowafanyia upasuaji, ni wangapi ambao jeraha lao liliambukizwa ndani ya siku 30? Swali hilo linaonekana dogo, lakini kulijibu kwa uaminifu ni kazi kubwa, kwa sababu mgonjwa wa ngiri huruhusiwa kurudi nyumbani mapema, na yanayolipata jeraha lake humkuta akiwa Same, Rombo au Simanjiro, mbali na macho yetu.

Kabla ya kumgusa mgonjwa wa kwanza, andika maana ya neno "maambukizi" kama litakavyotumika katika utafiti wako. Vigezo vinavyotumika sana duniani huhesabu jeraha kuwa limeambukizwa ikiwa limetoa usaha, ikiwa maabara imeotesha vijidudu kutokana na sampuli iliyochukuliwa kwa njia safi, au ikiwa daktari amelazimika kulifungua huku likiwa na maumivu, uvimbe, joto au wekundu. Siku 30 ni kipimo cha maambukizi ya ngozi na tabaka lililo chini yake. Kwa tabaka za ndani zaidi katika upasuaji wa ngiri, ufuatiliaji huendelea hadi siku 90. Kuhusu wekundu niongeze jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka: kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo mfundishe kila anayekusaidia kuweka mgongo wa kiganja kando ya mshono na kulinganisha joto lake na la upande wa pili, kisha abonyeze taratibu kutafuta ugumu, na atazame kama ngozi imekaza na kung'aa.

Idadi ya wagonjwa isipangwe kwa kukisia. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba unatarajia maambukizi kwa wagonjwa 10 katika kila 100, na unataka makadirio yako yasikosee kwa zaidi ya asilimia 5 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Unazidisha 1.96, namba inayowakilisha uhakika huo wa asilimia 95, kwa yenyewe, kisha kwa 0.1 (sehemu ya watakaoambukizwa), kisha kwa 0.9 (sehemu ya wasioambukizwa), halafu unagawanya kwa 0.05 iliyozidishwa kwa yenyewe. Unapata wagonjwa 139. Ukihofia kwamba mmoja katika kila watano hatapatikana mwishoni, gawanya 139 kwa 0.8, na utahitaji kuandikisha 174. Anayesema kwamba wagonjwa 30 wanatosha kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyetunga usaha ajue hivi: ukikosa tukio kabisa, gawanya 3 kwa idadi ya wagonjwa wako, nawe utapata takriban kiwango cha juu ambacho ukweli unaweza kufikia. Kwa wagonjwa 30 kiwango hicho ni asilimia 10.

Kibali huombwa mapema. Andiko lako hupitia kamati ya maadili ya chuo au taasisi yako, na utafiti unaohitaji kibali cha kitaifa hupelekwa katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Ukiwa unajaribu dawa au kifaa tiba, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba nayo huhusika. Majina na namba za simu za wagonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo daftari lenye majina likae kabatini chini ya kufuli, na fomu za data zibebe namba peke yake.

Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili ambacho mama wa sokoni ataelewa akisomewa mara moja. Kwa mgonjwa wa Kimaasai aliyetoka Longido au Ngorongoro ambaye Kiswahili hakimwelei, tafuta mkalimani asiye ndugu yake, kwa sababu ndugu huwa na haraka ya kukubali kwa niaba yake. Asiyeweza kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi. Mweleze kila mmoja kwamba akikataa atatibiwa vilevile, na ulitamke hilo kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji, akiwa ameketi na akili yake imetulia.

Sasa nifike kwenye ufuatiliaji, mahali ambapo tafiti nyingi za aina hii huharibika. Siku ya kuandikisha, chukua namba tatu za simu: ya mgonjwa mwenyewe, ya mtu anayelala naye nyumba moja, na ya jirani wa kudumu kama mwenye duka. Andika kijiji, kitongoji na jina la balozi wa nyumba kumi. Muulize atakuwa wapi siku ya 30, usimuulize kwao ni wapi, kwa maana Desemba miji na vijiji vya huku hujaa watu waliopanda kutoka Dar es Salaam kuja kusherehekea nyumbani, na baadhi yao hutumia likizo hiyo kutibiwa ngiri iliyowasumbua mwaka mzima. Ifikapo Januari wamekwisha kushuka. Tenga fedha ya nauli kwa anayerudi kliniki, na piga simu jioni, watu wakiwa wametoka shambani.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Katika utafiti wangu wa kwanza, kwenye hospitali nisiyoitaja, nilimpigia mzee mmoja wa Rombo nikamwamkia, kisha nikamuuliza, "Baba, kidonda kinaendeleaje?" Akanijibu, "Hakijambo, mwanangu, tunamshukuru Mungu." Nikaandika kwamba hakuna maambukizi. Siku chache baadaye alifika kliniki na kitambaa alichokikunja mara nne juu ya kinena, kimelowa usaha wa njano hadi kwenye suruali. Hakunidanganya hata kidogo. Mimi ndiye niliyemsalimia badala ya kumuuliza, naye akaijibu salamu kama mtu aliyelelewa vizuri. Tangu siku hiyo nauliza mambo yanayoonekana: Je, nguo yako imewahi kulowa mahali pa mshono? Majimaji yalikuwa na rangi gani, na yalikuwa na harufu? Mshono umeachia popote? Ulikwenda zahanati au duka la dawa ukapewa vidonge kwa ajili ya kidonda? Jibu la "ndiyo" kwa swali lolote kati ya hayo linatosha kumwita mgonjwa akaguliwe kwa macho.

Usikubali kuambiwa kwamba watu wetu hawafuatiliki. Mashariki mwa Uganda, watafiti waliwagawa wanaume 302 wenye ngiri ya kinena kwa bahati nasibu, wengine wakiwekewa wavu wa kawaida wa upasuaji, ambao huimarisha mahali ngiri ilipotokea, na wengine wavu wa bei nafuu wa kitambaa cha chandarua uliotakaswa usiwe na vijidudu, na baada ya mwaka mmoja zaidi ya 95 katika kila 100 walipatikana. Ngiri ilirudi kwa mmoja tu. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2016, yaliaminika kwa kuwa watu walifuatwa hadi walipopatikana. Vilevile utafiti wa mwaka 2022 uliohusisha wagonjwa 13,301 wa upasuaji wa tumbo katika nchi saba ulionyesha kwamba kubadilisha glavu na vifaa kabla ya kufunga jeraha kulishusha maambukizi kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0, na hesabu hiyo ilifungwa siku ya 30, si siku ya kuruhusiwa.

Unapoandika ripoti, usiwafiche waliopotea. Tuseme kati ya 174 uliwapata 139, na 14 kati yao walikuwa na maambukizi: hiyo ni asilimia 10. Lakini kama wote 35 waliopotea walikuwa wazima, kiwango ni asilimia 8, na kama wote waliugua, ni asilimia 28. Weka namba zote tatu kwenye jedwali moja, kisha lichukue jedwali hilo pamoja na majina ya wale 35, ukae na wauguzi wa wodi, mkagawane simu za kupiga jioni hiyohiyo.