Maoni yanapopingana: namna ya kupima kitabu cha picha kabla hujamnunulia mtoto

Kitabu ni kilekile: mzazi mmoja anasema mtoto hakiachii, mwingine anasema ametupa pesa. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli, ila watoto wao hawalingani umri wala kitabu hakikutumika kwa namna moja. Katika kila maoni tafuta kwanza mambo mawili: mtoto ana miaka mingapi, na je, alisomewa au alijisomea? Yasiyotaja hata moja kati ya hayo yaweke pembeni.

Lawama inayopotosha kuliko zote ni "maneno machache". Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32 kwa sababu za kiwandani: karatasi kubwa hukunjwa ikatoa kurasa 8 au 16, hivyo 32 hutoka bila kupoteza karatasi. Humo picha hubeba sehemu kubwa ya hadithi. Mtoto wa miaka 3 anayesomewa hutosheka na sentensi moja au mbili kwa ukurasa. Anayelalamika ni mzazi.

Kwa mtoto anayejisomea, usihesabu maneno, hesabu silabi. "Hatutakuonyesha" ni neno moja lenye silabi 7, na mtoto ambaye bado anaunganisha ba-be-bi atakwama hapohapo. "Mama anapika wali" ina silabi 8, lakini zimegawanyika katika maneno matatu, kwa hiyo anapata pa kupumzikia. Fungua kurasa tatu popote: maneno mengi yakizidi silabi 4, hicho ni cha kusomewa tu. Vitabu vilivyotafsiriwa kutoka Kiingereza hukwama hapa mara kwa mara, maana vijineno vinne vya kule hugeuka kitenzi kimoja kirefu huku.

Ukikuta "Picha zinatisha", uliza ukurasa gani, na hadithi inaishaje. Mtoto wa miaka 5 humfurahia fisi mwenye meno. Wa miaka 2 hajajua bado kwamba ukurasa unaofuata utamwokoa sungura. Kitabu cha namna hiyo kisomwe mchana kwanza, si kitandani. "Hakina funzo" ni lawama ya watu wazima. Mtoto aliye chini ya miaka 5 akiweza kukusimulia hadithi kwa kufuata picha, kitabu kimefanya kazi.

Ubora wa kitabu chenyewe haupimwi kwa maoni, unapimwa dukani. Inua ukurasa mmoja kwenye mwanga: picha ya nyuma ikionekana waziwazi, karatasi ni nyepesi mno. Fungua katikati. Kitabu chembamba kilichobandikwa gundi hakilali wazi, sura ya mhusika humezwa kwenye mkunjo, na mtoto akikilazimisha kurasa zinang'oka. Kilichopigwa pini mbili kwenye mkunjo hudumu zaidi. Kwa mtoto anayetafuna kila kitu, chukua chenye kurasa za kadi ngumu, hata kama hadithi yake ni fupi. Tazama pia maandishi yaliyowekwa juu ya picha yenye rangi nyingi: hata mtu mzima huyasoma kwa shida jioni.

Kisha jaribu na mtoto mwenyewe. Siku ya kwanza usisome neno. Mfunulie picha, aseme yeye. Akisimulia jambo lililo mbali na maandishi karibu kila ukurasa, mchoraji na mwandishi hawakuelewana. Siku ya pili msomee, ila jisomee kwa sauti kabla, ujue ulimi unakwama wapi. Usimwulize "hii nini?" kila ukurasa, utakuwa umemfanyia mtihani, maswali matatu au manne yanatosha kitabu kizima. Baada ya hapo kiache mahali anapofikia. Asipokitaka siku ya kwanza, usikihukumu, huenda ana njaa au usingizi.

Kama huna pesa za majaribio, tovuti za African Storybook na StoryWeaver zina hadithi za Kiswahili za bure zenye leseni huria, yaani unaruhusiwa kuzinakili na kuzichapa. Kiwango cha lugha hutofautiana, kwa hiyo kagua upatanisho wa ngeli kwanza. Ukizichapa mwenyewe, karatasi moja ya A4 iliyochapwa pande mbili na kukunjwa hutoa kurasa 4 ndogo. Hadithi ya kurasa 16 inakula karatasi 4. Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo. Toboa matundu matatu, ushone kwa sindano na uzi, fundo likae nje ili lisiharibu picha ya katikati.

Na wewe ukitoa maoni, andika yanayomsaidia mwenzako: "Miaka 4, alisomewa. Alicheka ukurasa wa 9, alichoka kuanzia wa 20. Jalada lilianza kuachia wiki ya pili." Hayo yanamfaa mnunuzi kuliko nyota tano.